Waya Uliovunjika wa Mwavuli wa Mzee Okumu

Programu ya mazishi ya Mama Felgona ilikuwa na kurasa kumi na mbili za karatasi inayong'aa na picha nyingi za rangi, na katika picha hizo zote sikumwona Mama Felgona. Nilimwona mwanamke aliyefanana naye, aliyelainishwa na kompyuta hadi mikunjo yote ya uso ikapotea, miwani imeondolewa, mdomo umefungwa. Mama Felgona niliyemjua hakuwahi kufunga mdomo. Nilikuwa nimeketi chini ya hema nyumbani kwake, mbele kidogo ya Rangwe, Jumapili mchana, mkoba wangu magotini. Ndani ya mkoba mlikuwa na karatasi moja ya zamani niliyoisafirisha katikati ya vipande viwili vya kadibodi ili isikunjike. Ilikuwa picha yake. Niliichora mimi nikiwa na miaka ishirini, na katika picha hiyo mdomo wake ni mkubwa kuliko mashine anayoizungusha. Nilikuwa nimekuja na nia ya kumpa Rose, binti yake wa pekee. Lakini nilipoona Rose anavyoishika ile programu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa mchuzi, nikaogopa. Ni nani huleta kichekesho msibani? Swali hilo nilikuwa nimewahi kuulizwa, karibu na mahali pale pale, na mtu aliyekuwa na haki ya kuuliza. Nikaubana mkoba zaidi.

Familia yangu nitaiacha kando. Haikunikosea, ila mwaka ninaotaka kuusimulia haukuwa wake. Mwaka ule, mapema katika miaka ya tisini, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo sikutaka mtu azione, nikakaa Migori miezi kadhaa nikiandika barua za kuomba kazi ambazo sikuzituma. Nikiona herufi moja imelala vibaya, nilianza upya. Barua moja niliiandika mara kumi na moja, na ile ya kumi na moja iliponyooka, siku ya mwisho ya maombi ilikuwa imeshapita. Kuchora nako nilijifundisha kwa njia hiyo hiyo, peke yangu, kwa kunakili picha za paketi za majani ya chai na kalenda za maduka. Sikuwahi kuchora mtu aliye hai. Mtu aliye hai husogea, na akisogea mstari wako unakuwa wa uongo. Naandika haya bila fahari. Wakati ule niliita tabia hiyo bidii, kumbe ilikuwa woga tu.

Siku moja sokoni Migori nilinunua njugu. Mama aliyeziuza alikuwa na kitabu kikubwa kisicho na jalada pajani, anakichana ukurasa baada ya ukurasa na kuviringisha vifuko. Nilipomaliza njugu nikakunjua changu. Ndani yake palikuwa na mtu mwenye kichwa kikubwa kama mtungi juu ya miguu myembamba kama ya korongo, vifungo vya koti vimemruka, na kutoka mdomoni mwake limetoka wingu lililojaa maneno. Chumvi ilikuwa imeshika kwenye tumbo lake. Nikarudi mbio.

"Mama, hicho kitabu unauza?"

"Mimi nauza njugu."

"Basi nipe njugu zingine, lakini usichane."

Akanitazama kama mgonjwa. "Sasa nikuwekee wapi? Kwa kichwa?"

Nilikimbia nyumbani nikaleta magazeti ya zamani, rundo zima, tukabadilishana. Alicheka sana, kwa sababu magazeti huviringika vizuri zaidi. Aliniona mjinga, nami nilijua nimempunja.

Kitabu kilihusu picha za dhihaka za Uingereza katika karne ya kumi na tisa. Hivyo ndivyo ninavyoweza kusema leo. Wakati ule nilijua nusu nusu tu, maana ukurasa wa jina na kurasa nyingi za mwanzo zilikuwa zimeondoka na njugu, na katikati palikuwa na mapengo mengine. Nilisoma na kamusi kando. Nikajifunza kwamba mjini London palikuwa na maduka yaliyobandika picha hizo madirishani, watu wakasimama nje kwenye matope, tajiri na mbeba mizigo bega kwa bega, wakiwacheka mawaziri, maaskofu, madaktari, na hata mfalme mwenyewe. Kwamba picha zilipakwa rangi kwa mkono, moja moja, na wafanyakazi walioketi kwa safu, mmoja akipaka nyekundu tu, mwingine buluu tu. Kwamba asiyeweza kununua aliweza kukodi rundo zima kwa jioni moja, akawaburudishe wageni wake. Baadaye katika karne hiyo walizichonga kwenye vipande vya mti mgumu, zikachapishwa ndani ya magazeti pamoja na maandishi, na dhihaka yenyewe ikapoa kidogo, ikaanza kuvaa tai. Mimi nilizipenda zile za mwanzo zenye ukali. Palikuwa na askofu mnene aliyebebwa na wakulima wanne waliokonda, na mguu wake mmoja ulikuwa umelala juu ya kichwa cha wa mbele kama juu ya mto. Nilimnakili askofu yule kwa wiki tatu. Nilimpata kila kidole. Hakuchekesha hata kidogo, na sikuelewa kwa nini.

Kazi ilinipata bila barua. Shangazi yangu alimjua Mama Felgona, aliyekuwa na chumba cha kupiga chapa na kurudufu karatasi mjini Homa Bay, nyuma ya soko, naye alihitaji msichana mwenye macho mazuri. Nikaenda na sanduku moja na kitabu changu. Chumba kile ningeweza kukichora hata leo nikiwa nimefumba macho: taipureta mbili, moja yenye mkono uliokwama, mashine ya kurudufu yenye mpini, nyeusi, juu ya kreti za soda, masanduku ya stensili, chupa ya rangi nyekundu ya kuziba makosa, yenye harufu ya rangi ya kucha, na dirisha moja upande wa magharibi. Ukutani, karibu na kalenda, palikuwa na mstari wa penseli. Mama Felgona alikuwa Msabato. Ijumaa, mwanga wa dirisha ulipopanda ukutani hadi kwenye mstari ule, mashine ilisimama, hata kama mteja amebakiza nakala moja. Alikuwa mtu wa nguvu, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja, na aliongea na mashine yake siku nzima. "Kuja, mama, kuja. Usinitapikie leo, kuna mwalimu mkuu hapa." Aliniita nyar Migori, yaani binti wa Migori, kana kwamba mji mzima ulinizaa.

Somo lake la kwanza lilikuwa la herufi O. Stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta, unapiga herufi, chuma kinatoboa nta, na wino wa mashine hupita hapo. Ukipiga O kwa nguvu, kiduara cha katikati kinaanguka, na kwenye karatasi linatokea tone jeusi. "Sasa fikiria hapa kwetu," aliniambia. "Otieno, Odhiambo, Onyango, Ouma, Okello. Ukipiga O vibaya umemaliza ukoo mzima." Alipiga herufi zote kwa kishindo, lakini akifika kwenye O aliigusa kama mtu anayejaribu uji kama una moto. Kwenye michoro, iliyofanywa kwa kalamu ya chuma, kanuni ilikuwa ile ile. Usifunge duara. Acha nafasi kidogo, karatasi ipate pa kushikilia. Nilielewa kwa akili, lakini mkono ulikataa. Kila jicho, kila kifungo, kila tairi la baiskeli nililochorea mtihani wa shule, niliunganisha mwanzo na mwisho kwa usahihi kabisa, na kila mara kipande kikaanguka. Stensili nilizoharibu mwezi ule wa kwanza nilizificha chini ya godoro langu. Mama Felgona alizijua zote. Hakusema kitu hadi siku alipokuja kutafuta ufagio, akalipapasa godoro na kusema, "Nyar Migori, hapa ndani umefuga kuku?"

Saa za chakula tulikula juu ya kreti tupu, nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, au dagaa wa omena na ugali, na yeye alipenda kufungua kitabu changu kwa ncha ya kidole kidogo ambacho hakikuwa na wino.

"Huyu ni nani?"

"Mfalme, nafikiri."

"Na walimchora hivi? Na tumbo hili?"

"Ndiyo, Mama."

"Yawa! Akawafanya nini?"

"Kitabu kinasema wakubwa wengine walizinunua wenyewe, hizo picha zao."

"Za nini sasa?"

"Sijui. Ukurasa unaofuata ulifungiwa njugu."

Alicheka mpaka akashika ukuta, na alama ya mkono wake wa wino ikabaki pale mwaka mzima. Lakini ni kwenye chakula kama hicho nilipofika kwenye aya iliyoeleza jinsi picha zile zilivyotengenezwa, nikaacha kutafuna. Mchoraji alichukua bamba la shaba, akalipaka nta, kisha akachora kwa sindano juu ya nta ile. Nta na sindano. Nilitazama kalamu yangu ya chuma, nikatazama stensili. Watu wale wa London, waliokufa zamani, walikuwa wakikwaruza kitu kile kile nilichokwaruza mimi nyuma ya soko la Homa Bay. Maelezo yalikatika hapo. Baada ya nta na sindano palikuwa na pengo la kurasa nne. Kwa kuwa sikujua kilichofuata, nilijaribu mwenyewe: nikapaka nta ya mshumaa kwenye kipande cha bati, nikachora, nikamwagia maji ya ndimu na kusubiri siku tatu. Nilipata sisimizi. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba kilichokosekana kilikuwa tindikali, inayokula shaba pale sindano ilipopita. Nimewahi kusimulia hadithi ya sisimizi wale mbele ya watu waliosoma sanaa vyuoni, na ndiyo sehemu pekee ya elimu yangu waliyoiandika kwenye daftari.

Siku za soko tulikwenda Rangwe kuchukua kazi za shule, na huko ndiko nilikomjua Mzee Okumu. Alikuwa askari wa soko. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba akina mama hawapangi nyanya nje ya mstari uliopakwa chokaa, na aliifanya kana kwamba mstari ule ni mpaka wa nchi. Mrefu, masikio yamesimama, filimbi mdomoni, mwavuli mweusi mkononi jua liwake lisiwake. Akipuliza filimbi mashavu yalivimba kama ya chura. Akina mama walimtukana kwa Kiluo na Kiswahili, wakamfanyia mzaha, na bado kila jioni alirudi nyumbani na mboga alizowekewa na wale wale aliowakimbiza. Niliyaona hayo yote, wala sikujua kwamba nayaona.

Alikufa ghafla, wiki moja ya mvua. Jumatano mwanawe wa kwanza, Ouma, alikuja na mama yake kuagiza programu ya mazishi. Ouma alifanya kazi ya ofisi Kisumu na alivaa koti katika joto lile. Aliweka mezani picha ya pekee ya baba yake, ile ndogo iliyobanduliwa kutoka cheti fulani, na mhuri ulikuwa umepita katikati ya uso. Jicho moja na mdomo vilikuwa chini ya mhuri.

"Nataka kitu cha heshima," alisema. "Baba alikuwa mtu wa serikali. Mazishi ni Jumamosi."

"Huyu msichana atamchora," Mama Felgona alisema. "Ana mkono."

Mama Ouma, mjane, aliketi kwenye stuli akiitazama mashine. Alisema jambo moja tu, kwa sauti ya chini. "Hakupenda picha. Alisema zinamfanya kama amekufa."

Sandukuni zilikuwa zimebaki stensili saba za kuchorea, na nyingine zilikuwa njiani kutoka Kisumu. Alhamisi niliharibu tatu. Ijumaa kabla ya chakula nikaharibu nyingine tatu. Nilimchora akitazama mbele, tai imenyooka, masikio nimeyapunguza kwa heshima, mashavu sawasawa. Mara macho yaliniangukia yote mawili, mara yalikaa, lakini hata yalipokaa uso ulikuwa wa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Mama Felgona aliinua ya sita kwenye mwanga. "Huyu ni nani?"

"Mzee Okumu."

"Huyu ni meneja wa benki aliyepotea njia." Akaiweka chini. Mwanga wa dirisha ulikuwa umebakiza vidole vitatu kufika kwenye mstari wa penseli. "Nyar Migori, nisikilize. Mimi namalizia kupiga maneno. Nikimaliza nataka uso hapa. Jua halinisubiri na mimi siwezi kuliambia lisubiri."

Ouma alikuwa ameketi nje kwenye benchi. Nilimsikia akikohoa. Nilikuwa na stensili moja, na nikajua kwa uhakika kwamba nitaharibu jina la mwanamke aliyenipa kitanda. Kama nisingemaliza, watu wangemzika mzee wao bila uso, na wangesema kazi ilifanywa kwa Felgona. Nikafumba macho. Sikuiona ile picha yenye mhuri. Niliona mashavu ya chura, mwavuli uko hewani, mguu mmoja unaruka fungu la nyanya, koti linapepea, na pembeni nyayo za akina mama wanaokimbia. Nikachora hivyo. Masikio niliyaacha yawe masikio. Kichwa kilitoka kikubwa kama vichwa vya kitabu changu, miguu ikatoka ya korongo, na kwa kukosa muda sikufunga duara hata moja. Nadhani haikuzidi dakika kumi. Mama Felgona alikuwa ameshavua miwani baada ya kupiga chapa. Aliichukua stensili kwa ukingo, akaivalisha mashine, akaanza kuzungusha mpini huku macho yake yako ukutani. Mimi nilipanga karatasi na kuzibana. Tulifunga mzigo kwa karatasi ya kaki, Ouma akashukuru na kuondoka, na mwanga ukagusa mstari. "Sabato njema," Mama Felgona alisema, akaenda kunawa.

Usiku ule nauacha. Asubuhi yeye alikwenda kanisani, nami nikafagia chumba na kuokota nakala moja iliyochafuka wino. Hapo ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza kama mtu mwingine angeiona. Nilikuwa nimechapisha maiti ikiruka nyanya. Nilikuwa nimeifanyia familia iliyofiwa kile walichofanyiwa mawaziri wa London, na Mama Felgona hakujua, na alikuwa ameketi kanisani akiimba. Ningeweza kurudi Migori siku ile. Sanduku langu lilikuwa dogo. Sijui ni nini kilichonifanya nielekee Rangwe, na kwa kuwa nataka kusema kweli, sitasema ni ujasiri. Nafikiri nilitaka tu kuwahi kuzikusanya kabla mtu hajazisoma, kama nilivyozoea kuficha kila kitu kisicho kamili.

Nilichelewa. Nilipoingia uani, Ouma alikuwa amesimama mbele ya mzigo uliofunguliwa, karatasi mkononi, na wasaidizi walikuwa wameshagawa safu tatu za mbele.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi," nilisema. "Siyo Mama Felgona. Yeye hakuiona. Ni mimi peke yangu."

"Umemfanya baba yangu nyani. Mbele ya watu. Nani huleta kichekesho msibani? Niambie, nani?" Akawageukia binamu zake. "Zikusanyeni. Zote. Zichomwe."

Walianza kuzikusanya. Zilipofika kwa Mama Ouma, aliyeketi mkekani karibu na jeneza, hakuiachilia yake. Aliileta karibu na macho, kisha akaipeleka mbali, urefu wa mkono wote.

"Huu mwavuli umekosea," alisema.

Akaisogeza tena karibu na macho.

"Waya mmoja ulikuwa umevunjika. Huu wa nyuma. Ulikuwa unaning'inia hivi." Alionyesha kwa kidole. "Nilimwambia autengeneze, akasema waya mmoja hauzuii mtu kuwa askari." Kisha akanitazama. "Wewe msichana. Una kalamu?"

Nilipiga magoti mkekani nikachora waya uliovunjika kwenye nakala yake. Nilichora kwa haraka hivi kwamba waya ukatoka umepinda mara mbili. "Ee," alisema, "hivyo hivyo," na hapo akaanza kulia, kilio cha kwanza tangu asubuhi, nilivyoambiwa baadaye. Mwanamke mmoja wa sokoni akanyoosha nakala yake juu ya kichwa changu. "Na yangu pia, weka waya." Na mwingine. "Na mimi. Na huku weka nyanya zangu, alizikanyaga zaidi ya hizi." Binamu waliokuwa wakikusanya wakabaki wameshika karatasi bila kujua wazipeleke wapi, na watu wakazichukua tena mikononi mwao. Nilichora waya uliovunjika hadi wino wa kalamu ukaniishia, nikapewa nyingine. Nyaya zote zilitoka tofauti. Wakati huo mama mnene wa nyanya alikuwa amenyakua mwavuli wa mtu, filimbi imeingia mdomoni sijui imetoka wapi, na akazunguka boma akimkimbiza kila aliyesimama nje ya mstari ambao haukuwapo, kama akina mama wetu wanavyomuaga mtu kwa kuigiza nyendo zake, na watu walikuwa wakicheka na machozi yanawashuka. Ouma peke yake hakucheka. Alikwenda nyuma ya nyumba na kukaa huko hadi alipoitwa kusoma. Aliposoma, hakunitazama, na baada ya hapo hakuwahi kunisalimu kwa miaka yote.

Mama Felgona alizipata habari kabla sijamwambia. Jumapili asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kreti, nakala ile yenye wino mikononi, miwani machoni.

"Nyar Migori. Nimekukasirikia."

"Najua, Mama. Nilimdhihaki marehemu."

"Hapana. Hii ni Okumu kabisa." Akaipigapiga karatasi. "Nimekukasirikia kwa sababu kazi ilipita mkononi mwangu na hukuniambia, 'Mama, tazama.' Miezi hii yote unanifichia zilizoharibika. Sasa hata iliyokaa vizuri umenificha."

Ilikuwa kweli, na hakuna mtu aliyewahi kunitazama ndani hivyo, kwa sauti ya kawaida, huku akimenya kiazi. Akaniwekea kiazi kwenye sahani yangu. Halafu akasema, "Stensili mpya zikifika utanichora mimi. Nataka nione mfalme alinunua za nini."

Nilimchora akizungusha mpini, miwani na uzi wake, mdomo wazi ukiikaripia mashine. Nilimwonyesha kabla ya kuchapisha, ikiwa ni mara ya kwanza maishani mwangu kumpa mtu kazi ambayo haijakwisha. Aliitazama muda mrefu sana. "Mdomo haujatosha," alisema. "Ongeza." Nikaongeza. Tulichapisha nakala mbili, moja yake na moja yangu. Mwisho wa mwaka nilipata nafasi kwenye gazeti dogo katika mji mwingine, nikaondoka, na hadi leo ninakula kwa mkono ule. Kila mstari niliouacha wazi nimeuacha kwa sababu yake.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiria chini ya hema, mkoba umebanwa magotini, mzee mmoja mwenye fimbo alipokuja na kuketi kwenye kiti kilichokuwa kitupu kando yangu. Nilimtambua kwa masikio yake yaliyosimama.

"Nyar Migori," alisema. "Rose aliniambia unakuja."

"Bwana Ouma."

Alitia mkono ndani ya koti akatoa bahasha, na ndani ya bahasha karatasi ya njano iliyochakaa kwenye mikunjo. Mashavu ya chura, nyanya, miguu ya korongo. "Hii ndiyo picha ya baba tuliyo nayo," alisema. "Ile ya mhuri ilipotea. Wajukuu wanamjua kwa hii." Akagusa mwavuli kwa kidole. "Yangu haina waya. Niliichukua kutoka kwa zile za kuchomwa, nikaenda nayo nyuma ya nyumba. Mama, mpaka anakufa, alikuwa akiniambia nikutafute uutie."

Alikuwa amekuja na kalamu. Niliweka karatasi juu ya programu inayong'aa, juu ya mkoba wangu, nikachora waya uliovunjika. Ulitoka umepinda mara mbili, kama siku ile. Akaikagua, akaipuliza wino ukauke.

"Bado nina hasira kidogo," alisema.

"Una haki."

Akaikunja taratibu, akairudisha kifuani. Kisha akainua programu ya Mama Felgona, akaipindua mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta mlango. "Na huyu mama, hukumchora? Maana huyu wa hapa mimi simjui."

Nikafungua mkoba. Sikumpa Rose mimi mwenyewe. Ouma ndiye aliyeinuka na fimbo yake, akavuka uwanja, akamwekea karatasi juu ya programu mikononi mwake. Nilimwona Rose akiinamisha kichwa. Aliinamisha muda mrefu, na wanawake wawili wa kanisani wakainama naye, mmoja kila upande. Nikaanza kuhesabu makosa ya picha ile kwa kichwa, moja baada ya jingine, kama ninavyofanya hadi leo. Nilikuwa nimefika kwenye uzi wa miwani Rose aliponyanyua uso akanitafuta kwenye viti, na alipoiona sura yangu akafungua mdomo kucheka, wote, bila kuuziba kwa mkono. Hapo ndipo nilipomwona Mama Felgona kwa mara ya kwanza siku ile.